Nani Amvishe Tumpale Koti Jeupe?

Hapo zamani, enzi ambazo Chuo Kikuu cha Mlimbati kilikuwa bado kikibandika matokeo ukutani, alihamia hapo kutoka chuo kingine binti aitwaye Tumpale, mwenye shauku moja tu: kuingia Kitivo cha Udaktari. Kitivo hicho kilikuwa na desturi yake. Kila aliyekubaliwa alivishwa koti jeupe mbele ya hadhara, na wa kumvisha alikuwa mtu mmoja, yule aliyemfikisha. Tumpale alikuwa amekwisha kulivaa mawazoni kabla hajafungua sanduku.

Masomo aliyofaulu kwenye chuo alichotoka hayakutambuliwa yote. Ilimpasa arudie ya mwaka wa kwanza huku akisoma ya mwaka wa pili, na apate alama za juu kote, la sivyo udaktari ausahau. Akaandika kemia, akaandika baiolojia, akaandika hesabu, akaandika fizikia, akampelekea mshauri wa masomo, Dokta Ngowo, atie sahihi.

"Fizikia naifuta," alisema Dokta.

"Lakini Dokta, naweza!"

"Kuweza unaweza. Kulala je? Kila somo lina maabara, kila maabara ina ripoti. Fizikia utaisoma likizoni, mwanangu."

Tumpale alitoka akilia, akamwita mchawi wa ndoto zake.

Kisha likamkuta jambo ambalo huwakuta wanaohama tu: maabara ya kemia ya mwaka wa kwanza na ya baiolojia ya mwaka wa pili zilikuwa Jumanne, saa nane mchana, zote mbili! Kundi la baiolojia la Alhamisi lilikuwa limejaa. Alipokuwa mlangoni akiomba, aliinuka Melkiori, winga wa timu ya chuo.

"Kaa hapa, dada. Mimi nitahamia Jumanne."

"Si ndiyo siku yenu ya mazoezi?"

"Kocha atanielewa."

Kocha hakumwelewa. Jezi ya Melkiori ikavaliwa na mwingine.

Ikabaki kemia. Kila alipopima asidi, Tumpale alizidisha tone na rangi ikampita. Sikudhani, aliyeishi naye chumba kimoja na kusomea kemia mwaka wa tatu, akaleta juisi ya rozela, ndimu na maji ya magadi, wafanyie mazoezi ya kupima chumbani.

"Unamwaga kama unanywesha ng'ombe!" alimcheka. "Tone. Ngoja. Tone tena. Umeona? Nyekundu inakimbia!"

Wakacheka, wakamwaga, wakaanza upya, jioni baada ya jioni. Tumpale akaanza kuipenda kemia hata akawa anaiota. Sikudhani, kwa kuacha utafiti wake ulale, akapata sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Siku ya mtihani wa vitendo Tumpale alidondosha tone, akangoja, akadondosha nusu tone. Waridi hafifu, rangi ile ile iliyotakiwa! Nusura apige kigelegele maabarani. Hesabu akafaulu, baiolojia akafaulu, na likizoni akaimaliza fizikia akiwa na akili iliyopumzika. Matokeo yalipobandikwa, alisukumana na wenzake hadi ukutani, akaliona jina lake, akaruka, akamkumbatia mtu asiyemjua.

Asubuhi ya sherehe Sikudhani, Melkiori na Dokta Ngowo walikutana nyuma ya jukwaa, Tumpale akiwasikiliza.

"Koti nalivisha mimi," alisema Sikudhani. "Mkono ule unaopima asidi niliufundisha mimi, na sapu nikaila mimi."

"Angepimia wapi?" alisema Melkiori. "Bila kiti changu angekosa maabara moja, na aliyekosa maabara hafanyi mtihani. Wewe sapu utairudia, shemeji. Jezi yangu hairudi."

"Shemeji yako nani? Haya, na Dokta naye? Kukataa nako ni kazi?"

Dokta Ngowo alicheka. "Mimi sikupoteza kitu, niliitwa mchawi tu. Lakini wangapi niliwakubalia mzigo wote, wakadisko, wakafukuzwa chuo kwa kufeli? Kiti mngempa nani, na rozela mngemfundishia nani?"

Tumpale akapiga hesabu. Akamwondoa mmoja, jibu likawa sifuri. Akamrudisha, akamwondoa mwingine, sifuri tena. Moyo ulimdunda kwa furaha na kwa hofu pia, maana jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa, na msajili alisimama jukwaani amelikunjua koti.

"Tumpale, anakuvisha nani?"

Ukumbi wote ukamgeukia. Nami nawageukia ninyi mnaosikiliza: aliyetoa kiti chake, aliyetoa jioni zake, na aliyethubutu kukataa. Je, nani alistahili?