Mguu wa Bi Mgeni

Hadithi hii haina sungura wala jini. Anayemtaka sungura akalale.

Walikuwepo vijana watatu wa chama cha huduma ya kwanza pale shuleni, wale wanaosimama kando ya uwanja wa mpira wakiomba mtu ateguke. Ruzuna alikuwa na kichwa: akiambiwa jambo mara moja, halimtoki. Faki alikuwa na mabega: mzigo wa watu wawili aliubeba peke yake, tena bila kuuliza unakwenda wapi. Mize alikuwa na mdomo. Huo sina haja ya kuueleza. Kila mtaa una wake.

Na Bi Mgeni alikuwa mpishi wa shughuli. Siku ya harusi nyumbani kwa Bi Kazija alikuwa akiepua sufuria kubwa la mchuzi, figa likateleza, mchuzi wote ukamwagikia mguu wake toka gotini mpaka kidoleni. Alipiga ukelele hata ngoma ikanyamaza.

Mnatujua. Mtu akiungua, kila mmoja ni daktari. Huyu kaja na dawa ya meno, huyu na ute wa yai, yule na unga wa ngano kana kwamba anataka kumkaanga tena. Wawili walikwisha kuishika kanga iliyogandia mguuni, tayari kuivuta.

"Msivute! Itatoka na ngozi!" Ruzuna akapiga magoti. Akamvua furungu, lile pambo la kifundoni, kabla mguu haujavimba. "Maji tu. Yamiminike taratibu, bila kukatika, muda wa chungu cha wali kuiva."



Maji yepi, sasa? Visima vya mji ule ni chumvi tupu, na mkokoteni wa maji ulikuwa haujapita. Yaliyokuwepo ni mapipa mawili ya harusi. Faki akalikumbatia la kwanza, akaja nalo mzimamzima, akaanza kumimina kwa kata.

"We Faki!" mmoja wa wenye shughuli akapiga kelele. "Wakwe watakunywa nini?"

"Soda," akasema Faki, na lilipokwisha akaenda kuchukua la pili.

Ndipo akatokea Bi Kazija mwenyewe, bakuli la samli na chumvi mkononi. "Maji yanaleta malengelenge! Nipisheni!"

Wakampisha. Nani amzuie Bi Kazija nyumbani kwake? Ruzuna alisogea. Faki aliweka kata chini. Aliyebaki ni Mize, mjukuu wake, mtoto wa mwanawe, kakaa katikati kama kizingiti.

"Bibi, hupiti."

"Unamwambia nani?"

"Wewe. Samli kapake mkate."

Wakwe walisikia. Kofi lililomshukia lilisikika mpaka barabarani, na Mize hakujongea hata kidogo. "Faki, mimina," akasema. Faki akamimina. Toka siku ile bibi yake hamwitikii hata salamu.

Tabibu wa zahanati alipoufungua mguu alisema, "Kanga ingevutwa, maji yangekosekana, au samli ingepakwa, mama, kuhusu mguu huu tungekuwa tunazungumza mengine." Bi Mgeni sasa anatembea. Anachechemea kidogo akitaka kuhurumiwa.

Mguu ulipopona, tabibu akamfuata Bi Mgeni nyumbani. Hospitali ya wilaya ilikuwa na nafasi ya kijana mmoja wa kufundishwa kazi ya gari la wagonjwa, asomeshwe mpaka awe mhudumu kamili. "Wote watatu wameomba," akasema. "Mimi sikuwepo, wewe ulikuwepo. Utakayemtaja ndiye nitakayemwombea."

Bi Mgeni akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi na kuwaza. Ruzuna ndiye aliyejua, na bila kujua wenzake wangefanya nini? Lakini alimpisha Bi Kazija, na kwenye ajali kina Bi Kazija hawakosekani. Faki ndiye aliyemimina, na mguu ulipozwa na maji, si na maneno. Lakini angeambiwa amimine uji, si angemimina? Mize hakujua dawa wala hakubeba kitu. Alipoteza bibi tu.

Alikuwa angali anakuna, Mize akapita dirishani. "Bi Mgeni, nimesikia. Usinitaje kwa huruma. Mimi mtihani wa kufunga bendeji nilishindwa, nikamfunga mwalimu na kiti."

"Nenda zako, nani kasema nakuhurumia?"

Lakini nazi haikukunika tena.

Sasa tabibu amerudi, amesimama mlangoni. "Haya mama, nani?"

Bi Mgeni amefungua mdomo, nami nawaachia hapo hapo. Asije mtu akaniambia wote watatu. Nafasi ni moja, na wawili watabaki kuliangalia gari likipita. Je, wewe ambaye hukuungua, ungeamua vipi?