Mbuzi wa Galgalo

"Methali za barabara ya kaskazini nazijua zote," alisema Bibi Mashavu, "isipokuwa zile nilizozisahau, na hizo ndizo nyingi. Lakini hii, Sifa ya kambi kaulize mbuzi, siwezi kuisahau. Nilikuwepo ikizaliwa."

Aliyeitamka ni mumewe, Mzee Harun, akiwa kwenye kiti chake cha kamba na glasi yake ya strungi, chai isiyo na maziwa, mkononi. Wajukuu wao wawili, Saumu na kaka yake Idi, walikuwa wameinamia simu. Walikuwa wamekodi gari lenye kitanda na jiko ndani, waende nalo mpaka Eldera, ule mji wa jangwani, na sasa walikuwa wakitafuta kambi ya kuliegesha. Idi alisoma kwa sauti: "Salama, tulivu, kivuli cha mikoma, mchanga laini kama unga." Ndipo babu yao alipotupa maneno yale, akarudi kwenye strungi yake.

"Mbuzi gani tena?" Saumu aliuliza.

"Methali hii ilianza hivi," Bibi akasema, akikunja miguu mkekani, "na atakayenikatiza atakwenda kunioshea masufuria."

Zamani, lami ilipokuwa ikiishia Isiolo, palikuwa na fundi mmoja wa pampu za visima na mkewe. Mke alikuwa mshonaji. Tumwite Bi Mrembo.

"Bibi, huyo si wewe?"

"Nani kasema? Masufuria yale pale, Idi."

Hawakuwa na nyumba. Walikuwa na lori kuukuu, na juu ya lori fundi alikuwa amejenga chumba cha mbao: kitanda, jiko la makaa, dirisha lenye pazia la maua, na cherehani iliyofungwa kwa kamba isije ikaruka kwenye makorongo. Mtoto wao wa miezi saba alilala kwenye droo ya kabati, na droo ikawekewa kabari ili isijifunge. Kila walichokuwa nacho duniani kilikuwa juu ya magurudumu sita. Bi Mrembo alipokuwa akifagia chumba kile asubuhi, huku jangwa likipita dirishani, alijiona kama malkia anayetembezewa nchi yake.

Shida ya nyumba inayotembea ni kwamba kila jioni lazima uitafutie kiwanja. Eldera palikuwa na viwanja viwili. Kimoja kilikuwa sokoni, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Mashine ililia mchana kutwa, na msafiri aliyeegesha pale na tairi la akiba aliamka bila tairi la akiba. Kingine kilikuwa cha Bwana Galgalo, chini ya mikoma, kwenye mchanga mweupe wa laga. Laga, kwa asiyejua, ni mto ambao mwaka mzima umesahau kama ni mto.

Galgalo aliwapokea kwa mikono miwili. "Karibuni, karibuni! Hapa mtalala mpaka mnisahau jina. Mwizi haji. Nyoka haji. Hata inzi huuliza kwanza."

"Na maji?" Bi Mrembo akauliza, akitazama mchanga ule.

"Maji? Mama, laga hii ilikufa babu yangu akiwa kijana. Mimi mwenyewe nalala hapa hapa mwaka wa kumi na mbili."

Bi Mrembo alitaka kuzunguka kwanza, aone. Lakini mumewe alikuwa amekwisha kukaa. Galgalo alileta chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye harufu ya moshi, na yule mume akanywa vikombe vitatu. Sasa, desturi ya Eldera ni hii: ukishakunywa chai ya mtu, wewe ni mgeni wake mpaka kesho. Ukihama kabla ya jua la pili, umemtukana mbele ya majirani, na hakuna atakayekuuzia hata kiberiti mji mzima. Na wale wawili walikuwa na visima vinne vya kutengeneza pale. Basi wakafungwa, kwa vikombe vitatu tu.

Ilipofika saa kumi na moja jioni, Bi Mrembo alikuwa amemwogesha mtoto na kumlaza kwenye droo. Akaketi kwenye ngazi ya lori, akashusha pumzi. Palikuwa pazuri, jamani. Mbingu haikuwa na doa, ila mbali sana, juu ya milima, weusi kidogo kama alama ya kidole kwenye ukuta.

Mbuzi wa Galgalo walikuwa wamelala kivulini. Mara beberu mmoja akasimama, akanusa upepo wa milimani. Akaanza kutembea. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, bila mchungaji, bila fimbo, wakauacha ule mchanga laini wakapanda kwenye kilima cha mawe ambapo hata mjusi angelalamika.

Bi Mrembo akamtazama Galgalo. Galgalo akavitazama viatu vyake.

"Bwana Galgalo, mbuzi wako wanakwenda wapi?"

"Ah! Wanapenda upepo."

"Upepo upo hapa pia."

"Mbuzi, mama, hawana akili."

Angefanyaje? Kuhama ni matusi, kukaa ni roho ya mtoto. Akafikiri, kisha akatabasamu tabasamu lake la kupimia nguo watu wasiolipa.

"Sikia, kaka yangu. Nimekunywa, yaani, tumekunywa chai yako. Ni wageni wako. Basi utufanyie heshima kamili: tulale pale pale unapolala wewe, ukuta kwa ukuta."

"Si nimesema? Nalala hapa hapa!"

"Nionyeshe kitanda."

Galgalo akazunguka mkoma wa kwanza. Akazunguka wa pili. Alikuwa anauelekea wa tatu sauti ya mkewe iliposhuka kutoka kilimani, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde:

"Baba Guyo! Godoro nimekutandikia! Panda, mbuzi wamekwisha kufika!"

Halafu Galgalo akavua kofia.

"Nani angelipia kulala juu ya mawe, mama? Na maji hayaji kila wiki."

"Yanakuja leo?"

"Kama mbuzi wamepanda," alisema polepole, "leo."

Fundi akapiga hendeli. Lori likanguruma, magurudumu yakazama mchangani mpaka nusu. Ule ulaini unaosifiwa ndio uliowashika miguu. Bi Mrembo akamtoa mtoto kwenye droo, akamfunga mgongoni, akaanza kuchimba kwa sufuria. Mchanga ukirudi shimoni, anauchota tena. Na Galgalo, mwongo yule, alikimbia akaleta mikeka yake yote ya wageni, akaitandika mbele ya matairi, akaweka bega lake nyuma ya lori akasukuma mpaka kikoi kikamfunguka. Lori likapanda. Lilipolala kwenye mawe, likiwa limeinama upande kama mlevi, walisikia ngurumo, na haikutoka juu. Ilitoka chini. Maji ya rangi ya matope yalipiga kona na magogo kichwani, yakaibeba mikeka, yakabeba birika, yakabeba na vikombe.

Usiku ule walilala juu ya kilima ukuta kwa ukuta na Galgalo, mbuzi wakicheua chini ya dirisha lenye pazia la maua. Na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata, kila walipopita Eldera, waliegesha juu ya mawe yale yale. Galgalo hakusifia tena mchanga. Msafiri mpya akimuuliza kuhusu kambi, alimwonyesha beberu. Madereva wakalichukua neno hilo wakaenda nalo barabara nzima.

Bibi Mashavu akanyoosha miguu mkekani. Nyuma ya nyumba lori lile bado lilikuwepo, halina tairi hata moja, na kuku walitaga kwenye droo alimolala mama wa hawa wawili. Bibi angetoa mengi asikie ngazi ile ikilia chini ya mguu wake, jioni moja tu, Galgalo akiita karibuni, karibuni.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la Babu," alisema Saumu. "Chai yake."

"Vikombe vitatu," alisema Bibi. "Nilimwona kwa macho haya."

Idi aliitazama glasi ya strungi, nyeusi ti. Aliitazama muda mrefu.

"Bibi, lakini Babu hanywi maziwa. Si husema yanamchafua tumbo tangu utotoni?"

Bibi Mashavu alianza kutafuta ushungi wake, ambao alikuwa ameuvaa.

"Babu," alisema Saumu, "hebu tuambie wewe. Sifa ya kambi kaulize mbuzi."

Mzee Harun akaweka glasi chini taratibu. "Mbuzi aliwaona yeye, hilo simnyang'anyi," alisema. "Lakini vikombe alivyokunywa vilikuwa vinne."