Nguchiro na Mgongo wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kibanda, pakawa giza mchana, pakawa shuka jeupe ukutani!

Na wa mbele?

Wainamishe vichwa, wa nyuma nao waone!

Haya, sikilizeni, na anayetafuna atafune polepole.

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana sinema zilikuwa zimeshafika, wanyama walikuwa na kibanda chao cha video. Mwenyewe alikuwa Kasuku. Korongo akimletea sinema mpya kutoka mjini, Kasuku alisimama kando ya shuka akaitafsiri yote kwa sauti yake: mume yeye, mke yeye, bunduki yeye, hata mlango ukifunguka, ngwiiii, ni yeye. Wachezaji walinyamaza, Kasuku hakunyamaza.

Benchi la mbele lilikuwa la Kiboko. Nani alimpa? Hakuna. Alilikalia tu, na nani amwondoe? Akija unamsikia: tipu, tipu, tipu! Akikaa: pwaaa! Benchi nalo: kwiii! Kisha anakula karanga za aliyekaa kushoto, anakula karanga za aliyekaa kulia, halafu anaomba maji.

Nyuma yake hasa, bahati gani hiyo, alikaa Nguchiro. Mnyama mdogo, pua ndefu, na mdomo mrefu kuliko pua.

"Mjomba, sogea kidogo," anasema Nguchiro.

"Nisogee wapi na mimi nimeshafika?" anasema Kiboko.

Basi Nguchiro maskini alikuwa anaona kingo za shuka tu. Huku kipande cha ukuta, huku tawi la mti, na katikati mgongo. Lakini sinema ikiisha, wanyama wote humzunguka Nguchiro. "Enhe, umeionaje?" Kwa sababu Nguchiro hakosi la kusema, hata kwa kitu asichokiona.

Ilipoonyeshwa Jini la Ghorofa ya Pili, alisema: "Jini si baya. Wapangaji ndio wabaya. Jini halijavunja hata kikombe, wao wanapiga kelele usiku kucha. Ningekuwa mwenye nyumba, ningeliacha jini." Wakacheka, wakampa karanga.

Ilipoonyeshwa Mapenzi Yana Mvua, alisema: "Mmewasifu wale wawili wanaoimba, lakini nani amemwangalia mti wa upande wa kulia? Amelowa tangu mwanzo hadi mwisho, hajalalamika, hajaimba. Huyo ndiye mchezaji." Wakatazamana. Kweli, hakuna aliyeuona mti! "Huyu Nguchiro ana jicho," wakasema, wakampa karanga zaidi.

Kiboko akaona zile karanga. Akameza mate: gub!

Sasa ikaja Kisu cha Bibi Harusi. Nyie, hiyo ndiyo ilikuwa sinema! Bibi harusi ndiye stelingi, shujaa mwenyewe, anapigana na wezi tangu kanisani mpaka mtoni, na shela halichafuki. Mwishoni yuko juu ya daraja la kamba, adui anaikata kamba: kacha, kacha, kacha! Kibanda kizima kikapiga yowe. Nguchiro akaruka upande huu, mgongo. Akaruka upande ule, mgongo. Sinema ikakatika.

"Sehemu ya pili kesho mchana!" Kasuku akatangaza. "Nitaionyesha mara moja tu, kisha Korongo airudishe mjini."

Nguchiro hakula siku ile. Msicheke, hakula kweli. Alimpenda yule bibi harusi na hakuwahi kumwona uso. Alijua sauti yake, ambayo ilikuwa ya Kasuku, na alijua ncha ya shela lake lilipopeperuka hadi kwenye ukingo wa shuka. Akajiambia, kesho nikikosa, nimekosa maisha yangu yote.

Kesho yake akawahi mlangoni. Mara: tipu, tipu, tipu!

"Mjomba, shikamoo. Leo naomba usogee kidogo."

"Nisogee wapi na mimi nimeshafika?" Kiboko akamkanyagia mkia. "Tena afadhali nimekukuta. Nataka ile kazi yako ya maoni. Kuanzia leo karanga ni zangu."

Nguchiro akataka kukasirika. Hasira ikafika kooni, akaimeza, akatoa tabasamu.

"Mjomba, wewe ndiye unayefaa hasa! Sauti unayo, kifua unacho. Ila kazi hii ina sharti."

"Sharti gani?"

"Mtoa maoni haangalii sinema."

"Eti?"

"Ukiangalia, utaipenda au utaichukia. Hapo umekwisha, utaanza kusema kweli. Nani amewahi kupewa karanga kwa kusema kweli? Mtoa maoni hukaa nje mlangoni, watu wakitoka awahi kusema kabla yao. Anayewahi ndiye anayejua."

Kiboko hakuwa mjinga kiasi hicho. Akakunja paji la uso. "Mbona wewe unaingia?"

"Naingia, ndiyo. Lakini tangu nianze kukaa nyuma yako, mjomba, umewahi kuniona nimeona kitu?"

Kiboko akafikiri. Akacheka: hoo, hoo, hoo! "Kweli kabisa! Wewe huoni kitu!"

"Na karanga napata."

"Na karanga unapata! Haya, nifundishe maneno."

"Ni matatu tu, yanafaa sinema zote. Sema: Ile ya kwanza ilikuwa bora. Sema: Mapigano mazuri, ila marefu. Sema: Stelingi hafi, kila mtu anajua."

Kiboko akajikalisha mlangoni: pwaaa! Nguchiro akaingia, akakaa benchi la mbele, katikati kabisa. Shuka lote lilikuwa lake.

Akamwona bibi harusi. Ana mwanya, ana kovu shavuni, ana macho ya mtu aliyechoka. Akamwona anaogelea, akamwona anapanda ukingo, akamwona anawaokoa ndugu zake mmoja mmoja. Halafu akaona kisu kinamwingia. Kasuku mwenyewe sauti ilimkatika, na kwa mara ya kwanza kibanda kikawa kimya. Nguchiro alilia, akalia tena, wala hakuona haya.

Wanyama wakatoka wanapangusa machozi. Mlangoni sauti ikawapokea: "Ile ya kwanza ilikuwa bora! Mapigano mazuri, ila marefu! Stelingi hafi, kila mtu anajua!"

"Hafi?" Kobe akapaza sauti. "Amekufa! Tumemzika sasa hivi!"

"Hafi!"

"Amekufa wewe!"

Vurugu: huyu anasukuma, yule anazomea, zii, zii! Kiboko akapenya hadi ndani, tipu, tipu, tipu, akamwinulia Nguchiro mguu. "Umeniaibisha! Nakuponda!"

Nguchiro akapangusa pua. "Mjomba, hebu geuka uangalie mlangoni. Wameondoka?"

Hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamejaa kuliko mwanzo. Mbuni alisimama mbele yao na fungu la karanga, amefura kwa hasira. "Shika hizi," akamwambia Kiboko, "kula, kisha unieleze hafi vipi na kaburi nimeliona kwa macho yangu!"

Kiboko akashusha mguu. Akashika karanga. Akatafuna: karu, karu, karu. "Kaburi," akasema, "si ushahidi."

Weee! Walibishana mpaka jua likazama, na karanga zikaja kwa mafungu. Tangu siku hiyo Kiboko hakuingia kibandani tena, maana mtu mwenye maoni mazito kama yale atapata wapi nafasi ya kuangalia sinema? Nguchiro hakuulizwa tena ameonaje, wala hakujali. Alibeba karanga zake kutoka nyumbani, akakaa mbele, akaangalia.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Iliyowapendeza ni yenu, isiyowapendeza nirudishieni nimsimulie jirani.

Na fundisho lake, watoto, ni hili: msiwadanganye wakubwa, kwa maana mwongo siku zote huishia pabaya. Nguchiro aliishia benchi la mbele. Mnacheka nini? Ndivyo nilivyofundishwa na bibi yangu, naye hakuwahi kuongopa ila siku za hadithi.