Mabeki wa Ghalani

Mtu mmoja alikuwa na timu ya mpira, na timu hiyo haikuwa na beki hata mmoja mwenye mbio. Aliitwa Mbunda, mwalimu wa timu ya mji mdogo wa kahawa kule Mbinga. Mabeki wake walikuwa makuli wa ghalani, wanaume wa kubeba magunia, wenye vifua vipana na miguu mizito. Mbio zao, ndugu zangu, tusidanganyane, zilikuwa za mtu aliyetoka kushiba ugali.

Lakini Mbunda alikuwa amesoma kozi, na huko alifundishwa kwamba beki wa kisasa hupanda hadi katikati ya uwanja ili washambuliaji wanaswe wameotea. Basi akawapandisha. Mipira ikapigwa juu ya vichwa vyao, vijana wa timu pinzani wakaifukuza, na makuli wakageuka taratibu kuitazama ikiingia wavuni. Kila Jumapili ilikuwa hivyo. Akawafokea bure. Akawa anamwomba Mungu ampe mabeki wengine.

Ikabaki mechi moja. Wakifungwa, timu inashuka daraja, na kila mtu pale alijua kwamba ikishuka itakufa. Mbunda akawaacha makuli, akaazima vijana wepesi kutoka mji wa jirani. Siku moja kabla ya mechi vijana wale wakaondoka na timu nyingine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na msala huo ulipita kweli.

Akaenda ghalani, shingo upande, kuwarudia wale aliowaacha. Aliwakuta wakishusha mzigo wa lori. Rundo la magunia likaanza kuinama. Hakuna aliyekimbia. Hyera, mkubwa wao, aliita mara moja tu, wote wakasogea bega kwa bega, wakalipokea, na rundo likasimama. Mbunda alibaki mlangoni akiona haya. Walifanya hivyo kila siku, naye alipita pale kila siku.

Wakakubali kucheza, na kesho yake kwenye mechi aliwarudisha nyuma, karibu kabisa na goli lao, wakakaa pamoja bila kuacha upenyo. Kwa ajili yao akabadilisha nafasi za wengine wote pia: viungo wakashuka kuwafunika, mawinga wakarudi kusaidia, na mbele akabaki mtu mmoja peke yake. Wapinzani wakaja na mbio zao, wakakosa pa kukimbilia. Krosi zilipopigwa zilikuta vichwa vya makuli. Haukuwa mpira wa kupendeza, na mashabiki walinung'unika kidogo. Filimbi ya mwisho ikalia hakuna aliyefunga, na sare hiyo ikawatosha kubaki.

Mbunda akaingia uwanjani akilia, akaushika mkono wa Hyera kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa jinsi walivyobadilika.

Hyera akasema, "Sisi ni walewale, mwalimu. Leo umetuweka mahali petu."

Jioni ile Mbunda alisali bila kuomba kitu. Alitaja majina yao mmoja mmoja, akashukuru kwa kila mmoja, hata kwa miguu yao mizito. Nanyi mnaokesha mkiomba mpewe watu wengine, hawa mliokwisha kupewa mmewasimamisha wapi?