Kalunde na Tundu la Kumi na Mbili

Enyi wa Mbaoni mnaotamba na vyeti, kaeni chini msikie mlikotoka. Zamani zile, kitongoji hiki kilipokuwa vichaka na mawe, kabla ya maabara, kabla ya tangi mnalolichorachora majina yenu, aliishi Kalunde binti Mihambo, mjukuu wa Ng'wandu mpasua magogo, Kalunde Mvunja Miamba, aliyebeba mfuko wa saruji kila kwapa huku akiwatukana wavivu.

Adui yake alikuwa Sekiboko, mwenye malori, aliyekimezea mate kiwanja cha shule ajenge ghala. Madarasa yalikwisha simama kwa nguvu za wananchi, ila mkaguzi alitamka: pasipo matundu kumi na mawili ya vyoo, kila moja futi kumi kwenda chini, ifikapo Ijumaa saa kumi, shule hakuna, na kiwanja apewe Sekiboko. Na babu zenu, mashujaa wa kupigwa picha na tofali mkononi, walipoambiwa wachimbe choo wote wakaumwa viuno.

Kalunde akachimba peke yake. Siku sita, matundu kumi na moja. La kumi na mbili likagonga mwamba, Ijumaa ikafika, na Sekiboko akaja na kiti chake akakaa ukingoni.

"Mama, pumzika. Utaishia chooni."

"Nawe utakuja kunisalimia humuhumu!"

Akamkumbuka binti yake, aliyetembea maili saba kwenda shule ya watu mpaka akachoka, akaacha. Hasira ikamshukia mikononi, mwamba ukapasuka.

"Pima!" akanguruma.

Mkaguzi akashusha utepe. "Futi kumi." Akagonga muhuri.

Hapo ukingo, uliolemewa na Sekiboko na kiti chake, ukameguka. Sekiboko aliruka. Kalunde hakutoka. Watu wakafukua siku mbili, viuno sasa vimepona, wakapata jembe tu.

Tundu lile likafunikwa kwa zege, na tangu hapo hakuna wa kidato cha kwanza aingiaye darasani kabla hajasimama pale akamwamkia. Miaka ikapita, Sekiboko, malori yamekwisha, akamleta mjukuu wake kuandikishwa. Wanafunzi wakamzingira.

"Babu, hapa hupiti hivihivi."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akavua kofia mbele ya vyoo.

"Shikamoo, Kalunde."