Kisima cha Mkubwa Kuliko Wote

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitika kivivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mko macho.

Hapo zamani za kale jua liliwaka, likawaka, likawaka tena. Visima vikakauka, kikabaki kimoja. Na kisima hicho kilikuwa na desturi yake: mkubwa kuliko wote hunywa kwanza, wengine hufuata.

Akaja Tembo, ti! ti! ti! Akaja Twiga, shingo juu. Tembo akasema mkubwa ni yeye, maana ni mzito kuliko wote. Twiga akasema mkubwa ni yeye, maana ni mrefu kuliko wote. Wakabishana asubuhi. Wakabishana mchana. Na maji yanapungua, yanapungua.

Nyuma yao, pamoja na wanyama wadogo wengine, alisimama Digidigi na mwanawe. Mtoto hata kulia hawezi tena, ulimi umekauka. Mama akaingiwa na hofu, akaona leo atamzika. Lakini atapita wapi, naye ni mdogo hivyo?

Akasogea, akapiga magoti. "Wazee wangu, uzito tumeuona, urefu tumeuona. Lakini mkubwa hasa si yule anayevumilia kiu kuliko wote?"

"Ndiye mimi," akasema Tembo.

"Ndiye mimi," akasema Twiga.

"Basi kati yenu, atakayekunywa kwanza ameshindwa. Sisi wadogo hatumo mashindanoni."

Wakarudi nyuma hatua tatu, wakafumba midomo. Digidigi akamwinamisha mwanawe. Gudu, gudu, gudu. Mtoto akafumbua macho, akapiga chafya, chya! Mama akalia kwa furaha. Sungura wakanywa, kanga wakanywa, panya wakanywa. Tembo anatazama. Twiga anatazama.

Mara akatokea Ngamia, ametoka safari. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akacheka mpaka nundu ikatikisika.

"Mimi sijanywa siku kumi," akasema. "Basi mkubwa kuliko wote ni mimi, na desturi mnaijua."

Gudu, gudu, gudu, gudu! Akalamba mpaka matope, akaenda zake.

Tembo na Twiga wakabaki wakitazamana. Twiga akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Hata hivyo, mimi nimekauka kuliko wewe."

Tembo akakataa.

Basi, wadogo kwa wakubwa, anayehangaika kuwapita wenzake hukosa hata kilicho mbele ya pua yake.

Hadithi yangu imekaukia hapo hapo kisimani. Mwenye tamu kuliko hii asogee, atusimulie.