Joho Ambalo Mshauri Hakuligeuza

Wewe uliyeanza kutikisa kichwa, kitulize. Sijafika hata kwenye jina la mtu na umekwisha kunikadhibisha. Najua unalotaka kusema: kwamba hajapata kuzaliwa mshauri wa mtawala aliyejifunga kwa ulimi wake mwenyewe, hadharani, pasipo kushikwa wala kupigwa. Yupo. Kutomwona kwako si hoja. Hata roho yako hujaiona, na unatembea nayo. Kaa vizuri usikie.

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Zurani, zama za wema waliotutangulia, alikuwako mtu akiitwa Nuaimu bin Sabiti. Huyo alikuwa mshauri wa Amiri katika mambo ya mali ya nchi: ushuru, bei za sokoni na ghala la zaka. Mama yake alifariki akimzaa, akanyonyeshwa na jirani, mwanamke mcha Mungu, Bi Umaima, Allah amrehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake na watoto. Basi huyo akawa mama yake wa ziwa, na heshima ya mama wa ziwa mnaijua.

Nuaimu hakuanza vibaya. Ujanani alikuwa mkaguzi wa vipimo sokoni, na alikuwa mkali. Mchuuzi aliyepunja alizungushwa soko zima na pishi yake ikining'inia shingoni. Balaa ya mtu mwaminifu ni kwamba huonekana mapema. Alionwa na tajiri Jabala, mwenye misafara ya ngamia, naye akamwoza binti yake. Ndugu yake Jabala alikuwa waziri. Waziri akamfikisha kwa Amiri. Kadhi naye alikuwa akila kwa Jabala kila baada ya sala ya Ijumaa. Hakuna aliyempa Nuaimu rushwa, hilo nalisema kwa haki yake. Walimpa mke, nyumba, majirani wazuri, na joho la sufu lenye bitana nyekundu ambalo mji mzima ulilijua. Wala hawakumwomba kitu. Watu wa namna ile hawaombi mpaka siku wanayohitaji.

Siku hiyo ikafika. Mvua zilikatika, na mwaka uliofuata zikakatika tena. Ghala la zaka lilikuwa limejaa mtama hadi mlangoni, mali ya maskini kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Amiri akamwuliza mshauri wake kama wakati wa kulifungua umefika. Nuaimu akamsihi asifanye haraka. Akamweleza kwamba mtama ule ukitoka, bei itaanguka, na bei ikianguka wenye misafara hawatahangaika kuvuka jangwa. Lakini ikiachwa ipande, nafaka itakuja yenyewe kama nzi wafuatao asali. Na elimu hiyo haikuwa ya uongo. Miaka mingine ilikuwa kweli tupu. Ila mwaka ule misafara ilikwisha kuja. Ilikuwa ya mkwewe, imepiga kambi kwenye visima vya Ramda, si mbali na mji, ngamia wamepigishwa magoti, magunia yamefunikwa ngozi, wakingoja bei ipande tena. Nuaimu alijua. Jabala alimweleza kwa kinywa chake, wakila, kama mtu anavyoeleza kwamba leo kuna upepo.

Akanyamaza. Wakaanza kufa vikongwe, kisha watoto, kisha wale waliokuwa wakizika.

Amiri alipoona hivyo akaamuru sala ya kuomba mvua. Watu wafunge siku tatu kwanza; na watu wa Zurani, ambao walikuwa wamefunga bila nia kwa muda mrefu, wakafunga kwa nia. Ada yao ilikuwa kwamba kila mwenye dhuluma airudishe kabla ya kutoka, kisha watoke kwa unyenyekevu, wazee na wachanga, hata mifugo, na mbele yao atembee mwanamke mkongwe aliye mchaji kuliko wote, kwa kuwa dua ya dhaifu haizuiliwi. Katika mji ule huyo alikuwa Bi Umaima. Asubuhi ya siku yenyewe Amiri akamtuma Nuaimu akamlete mama yake.

Alimkuta uani kwa jirani, mbele ya ubao wa kuoshea, na juu ya ubao mtoto mwanamume ambaye bado hajaota meno yote. Nuaimu akatoa salamu, akaeleza ujumbe wa Amiri. Bi Umaima akaitika salamu, ujumbe akauacha. Akamwambia kwamba aliyekuwa akimshikia maji amelala ndani hawezi kusimama, kwa hiyo ashike kata yeye. Mshauri wa Amiri akakunja mikono ya joho, akashika kata.

“Mimina polepole,” alisema Bi Umaima. “Maji ni hayo hayo.”

Akamimina. Alipoambiwa amgeuze mtoto ubavu wa kushoto akamshika, na mkono wake ukapanda juu bila kutaka, kwa jinsi alivyokuwa amejiandaa kwa uzito ambao haukuwako.

Bi Umaima akamwuliza, macho yakiwa kwenye kazi yake, misafara iko wapi. Akajibu kuwa iko njiani.

“Njiani wapi, mwanangu?”

Nuaimu akainamia kata.

“Mbele yangu nidanganye ukitaka, mimi ni mama yako, nimezoea. Mbele ya huyu usidanganye. Huyu anakokwenda ataulizwa.”

Ndipo akamweleza habari za visima vya Ramda, sauti yake ikiwa chini kama ya mtu anayekiri wizi. Bi Umaima akamaliza kuosha, akakausha, akaanza kukunja sanda. Sanda ilikuwa nusu ya kilemba cha mtu.

“Kamwambie Amiri siji,” akasema. “Mtama umo ghalani, na mwingine umelala Ramda. Mimi sitamsumbua Mola wangu kwa kitu alichokwisha kutoa.”

Nuaimu akamsihi, akasema kwamba watu watavunjika moyo wasipomwona. Akajibiwa kwamba mioyo ya watu ni mizima, kinachovunjika ni mbavu. Akaondoka peke yake.

Uwanjani watu walikuwa wamekwisha panga safu. Amiri akamwuliza mama yuko wapi. Akasema ana maiti, jambo ambalo lilikuwa kweli, na ambalo lilikuwa nusu. Wakaswali. Imamu akapanda, akahutubu, akawakumbusha watu kurudisha dhuluma. Kila mmoja akamtazama jirani yake. Kisha akaelekea kibla na, kama ilivyo sunna, akaligeuza joho lake, la ndani likawa nje, kwa kutaraji Mwenyezi Mungu ageuze hali ya waja wake. Wanaume wote wakageuza. Amiri akageuza. Jabala akageuza, kwa madaha. Nuaimu akasimama vile vile, na kwa kuwa alikuwa safu ya mbele, kila mtu akaona.

Amiri akamwuliza kwa nini hageuzi.

“Nje ni Jabala, Amiri wangu,” akasema, “na ndani ni Jabala. Nikigeuza sitakuwa nimegeuza kitu.”

Akalivua, akaliweka chini, akasema yote mbele ya watu: visima vya Ramda, magunia, nani kasema nini na wakati gani, na ushauri alioutoa akijua. Waziri akakimbilia kusema kwamba maskini huyu amepatwa na wazimu wa njaa. Kutoka safu za wanawake sauti moja ikajibu, “Njaa gani hiyo inayonenepesha mashavu?” Watu wakacheka, wakiwa katika hali ile, na kicheko chao kilitisha kuliko kilio.

Ghala lilifunguliwa kabla ya alasiri. Wapanda farasi wakapelekwa Ramda.

Mvua haikunyesha. Nyinyi mnapenda visa ambavyo mtu akitubu mawingu huja mbio kama yameitwa karamuni. Ilichelewa sana, na wengi hawakuiona. Jabala alisema magunia yale alikuwa akiwawekea watu wa Zurani, na kwa kuwa nduguye alikuwa waziri, akasadikiwa. Nuaimu, kwa ushauri aliokiri mwenyewe, akapigwa viboko sokoni, pale pale alipokuwa akiwazungusha wachuuzi. Binti ya Jabala akarudishwa kwa baba yake kwa hukumu ya kadhi, na nyumba ikamfuata.

Mazingatio nayasema hapa hapa, maana mwisho hauna pa kuyaweka. Ndugu zangu, haramu ina mlango wa mbele, na huo mnaulinda vizuri. Huyu hakuingia kwa mlango wa mbele. Aliingia kwa harusi, kwa ujirani, kwa chakula cha Ijumaa, kwa watu kumwita mkwe. Na ukweli wake alipousema ulikuwa ibada, tunataraji kaandikiwa ujira. Lakini toba hurudisha mja kwa Mola wake. Maiti hairudishi kwa mama yake. Anayetaka kutubu awahi.

Inasimuliwa kwamba siku chache baadaye Nuaimu alikuwa amelala kifudifudi katika chumba cha kupewa kwa hisani, vidonda vya mgongo havijafunga. Bi Umaima akaingia na bakuli la uji. Akamwambia ale, uji ni wa mtama wa zaka, na sasa yeye ni fakiri, ni haki yake.

Akala kidogo. Kisha akauliza, uso ukiwa kwenye mkeka, “Mama, Mungu amenikubalia?”

Bi Umaima akaokota bakuli, akajifunga ushungi.

“Mimi naosha maiti, Nuaimu. Habari za walio hai sinazo. Mama wa yule mtoto anakaa mlango wa tatu kutoka hapa. Ukiweza kusimama, anza naye.”

Akatoka, akafunga mlango.